Sauti ya Baba Nungu

Wiki iliyopita nilifungua belo ya nguo za watoto sokoni Burnt Forest, na harufu ile ya dawa ya mitumba ikanipanda puani kama kawaida. Nimefanya kazi hii mwaka mzima sasa, na kwa mtu kama mimi mwaka mzima mahali pamoja ni muda mrefu. Nilikuwa nikitenganisha suruali na sweta bila kufikiria sana, mkono ukatoa tisheti ndogo ya njano, iliyofuliwa hadi ikakaribia rangi ya uji. Kifuani palikuwa na nungunungu aliyesimama kwa miguu miwili, amevaa aproni, ameshika mwiko. Nikakaa chini juu ya belo.

Kama wewe ni rika langu, na ulikulia penye TV au karibu na mtu mwenye TV, unamjua: ni Baba Nungu. Wengi wanamkumbuka kwa ile filamu. Wachache wanakumbuka kwamba baadaye zilikuja katuni zake, kila siku baada ya shule, nusu saa, na kwamba hazikuwa nzuri kama filamu. Rangi zilikuwa hafifu. Miiba ya mgongoni ilikuwa imepungua, nadhani mchoraji alichoka kuichora. Mto ulikuwa mstari tu wa buluu. Lakini nilizipenda katuni hizo kuliko filamu yenyewe, na kwa kuzipenda nilimtendea mtoto mwenzangu jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Tuliishi Kimumu, mtaa wa Eldoret, kwenye ploti ya vyumba vinane vinavyotazamana, bomba moja katikati. Mama yangu aliuza mboga nje ya lango. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Chumba cha pili kutoka langoni alikaa Naliaka, mtoto wa miaka saba, pamoja na wazazi wake. Baba yake alikuwa dereva wa lori la mahindi. Alibeba magunia kutoka mji mdogo wa Ziwa kuja Eldoret, na mara nyingine alienda mbali zaidi. TV ya ploti nzima ilikuwa yao. Ilikaa juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa cheupe ambacho Mama Naliaka alikifuma kwa mikono yake, na kitambaa hicho kilikuwa ndiyo sheria. Kikiwa kimeshuka, TV imelala na hakuna wa kuigusa. Kikikunjwa juu, tunaacha viatu mlangoni na kuingia.

Baba Naliaka ndiye aliyeleta sidii ya filamu kutoka safari zake. Ilikuwa ya Kiingereza cha haraka, na hakuna mtoto pale aliyekifuata, kwa hiyo alituwekea maneno yeye mwenyewe, kama wale jamaa wanaotafsiri kwenye vibanda vya video. Alisimama kando ya TV na jaketi lake la kahawia lenye kola ya manyoya, akaongea kwa sauti nzito ya kooni.

"Sasa hapa Baba Nungu anasema, 'Wanangu, nishikeni mgongo, lakini msinishike sana, mtadungwa sindano za bure!'"

Tulicheka hadi tukaangukiana. Mama Naliaka alikuwa akikanda unga pale pembeni.

"Hayo hajayasema. Unaongeza yako," alimwambia.

"Mama, mimi natafsiri tu. Yeye amesema kirefu, mimi nafupisha."

Filamu yenyewe ilikuwa hivi. Radi inapiga mti mkubwa ambao Baba Nungu na familia yake wanaishi chini ya mizizi yake. Mti unapasuka, unabaki nusu, na wao wanalazimika kuhama. Njiani wanafika mtoni wakati wa mafuriko. Baba Nungu anawasukuma watoto wake watatu juu ya gogo, mmoja mmoja, kisha maji yanambeba. Anafungua mdomo kusema kitu. Tulipofika hapo kila mara tulimgeukia Baba Naliaka tusikie ni nini, na kila mara alikataa.

"Hapa hakuna maneno," alisema, kwa sauti yake ya kawaida. "Hapa mnaangalia tu."

Jambo lingine ambalo yeye peke yake aliliweza ni picha. TV ile ilikuwa na tabia ya kuruka, mistari inapanda na kushuka. Aliigonga ubavu wa kushoto kwa kiganja, mara mbili, na ikatulia. Sisi tuligonga mpaka mikono ikauma, hatukufaulu.

Katuni za TV zilipoanza, zilikuja saa ambayo yeye yuko barabarani. Tulizitazama bila mtafsiri. Na hapo nikashangaa kuliko wote, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kuuliza, na bado sijapona ugonjwa huo. Baba Nungu alikuwa pale. Amevaa aproni, anapikia watoto, anawakimbiza kuzunguka mti. Nilimuuliza mwalimu, nikamuuliza mama yangu, nikamuuliza muuza maziwa. Mama akasema, "Shiru, hao ni wanyama wa kuchorwa. Nenda uchote maji." Kwa hiyo nikajijibu mwenyewe. Tuliona filamu kwanza, katuni zikaja baadaye. Alikufa kwanza, sasa yuko hai. Basi amerudi. Na ushahidi nilikuwa nao. Miiba imepungua kwa sababu maji yaliing'oa. Sauti si ile kwa sababu alimeza maji mengi. Niliipenda hoja yangu jinsi mtu anavyopenda nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Kisha Baba Naliaka akafa. Lori lilipinduka kwenye mteremko, likiwa limejaa. Habari zililetwa na mwenzake asubuhi, na kabla ya saa sita ploti yote ilijaa wanawake waliokaa chini. Kitambaa kilishushwa juu ya TV. Wakati wa msiba hakuna redio, hakuna TV, hilo hata sisi watoto tulilijua.

Walimpeleka kuzikwa kwao, upande wa Bungoma. Naliaka hakwenda. Alikuwa na tetekuwanga, mwili mzima vipele, na wazee waliona safari ile ingemmaliza. Aliachwa kwetu, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaugua ugonjwa huo. Ndivyo ikatokea kwamba hakuliona jeneza likishuka. Siku ya mazishi, mchana, alilala kwenye kitanda changu nami nikimpaka dawa ya pinki kwa pamba.

"Shiru," aliniambia, "Baba Nungu si alikufa kwa mto?"

"Alikufa."

"Na si ako kwa katuni?"

"Ako."

"Sasa?"

Nikamweleza hoja yangu yote, kuhusu miiba na kuhusu maji. Nikamwambia mtu akirudi huwa amekonda kidogo, na sauti inakuwa nyingine. Aliacha kujikuna.

"Na baba yangu?"

"Labda na yeye."

"Lini?"

Mpaka pale nilikuwa nikisema kweli kama nilivyoijua, na mtoto wa miaka kumi anaruhusiwa kujua mambo vibaya. Lakini zilikuwa zimepita siku tano bila katuni, na nilikuwa nimezihesabu. Nikamwambia, "Hiyo ya lini, lazima tuangalie kwa katuni. Huko ndiko wanasema."

Mama Naliaka alirudi akiwa amenyolewa nywele. Alisema TV itakaa imefunikwa mpaka mambo ya nyumbani yaishe. Nilimsikia kwa masikio yangu. Siku hiyo hiyo nikampata Naliaka kando ya bomba, nikamwambia amwombe mama yake. Alisema atachapwa. Nikamwambia basi yeye hatajua ni siku gani, na baba yake akirudi atampata ameenda shule.

Alilia siku mbili mfululizo. Alikataa chakula. Mama yangu alienda kumsaidia Mama Naliaka kumbembeleza, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwatazama wote watatu wakihangaika. Siku ya tatu Mama Naliaka alinyanyuka kwenye kiti kama mtu mwenye miaka themanini, akakikunja kitambaa juu.

"Haya. Lakini sauti chini kabisa. Majirani watasema nini?"

Sauti chini ilinifaa. Hakuna aliyeweza kusikia maneno ya kwenye TV, kwa hiyo maneno yakawa yangu. Niliketi mkekani mbele kabisa, Naliaka ameniegemea, na nikaanza kumtafsiria kama alivyofanya baba yake. Nilijaribu hata ile sauti ya kooni. Baba Nungu alikuwa akiwafundisha watoto kuosha sufuria. Mimi nikasema, "Anawaambia njia ya kurudi ilikuwa mbali sana." Baba Nungu akacheka. Nikasema, "Anasema alipotea mara moja, lakini akaona moshi wa nyumbani."

Naliaka aliuliza, "Ameuliza kama walimlilia?"

"Ameuliza. Wamesema ndiyo."

Siku ya nne au ya tano ya kutafsiri hivyo ndipo nikauona mti. Ulikuwa pale tangu katuni ya kwanza, nyuma ya kila kitu, watoto wakikimbia kuuzunguka, lakini sikuwa nimeutazama. Ulikuwa mzima. Matawi pande zote mbili, majani juu. Kwenye filamu radi iliupasua kabla ya safari, kabla ya mto, kabla ya yote. Nilikaa na mdomo wazi. Nilielewa mara moja, kama mtu anapowashiwa taa. Hakuwa amerudi. Hizi zilikuwa siku za kabla. Radi ilikuwa bado haijapiga, na yeye alikuwa anapika, hajui.

Naliaka alinivuta mkono. "Shiru, amesema nini?"

Nimejiuliza swali hilo nikichuma chai Kericho, nikiosha vyombo kwenye hoteli ya Malaba, nikilala kwenye vyumba vya watu wa miji ambayo sikuwa na sababu ya kukaa. Amesema nini. Ningeweza kumwambia, "Naliaka, angalia mti." Maneno matatu tu. Lakini nilijua akiyasikia atalia, mama yake atauliza, na kitambaa kitashuka.

"Amesema amekaribia," nikamwambia.

Jumamosi iliyofuata, mchana, tulikuwa uani tunaruka kamba. Lango likafunguka, akaingia mwanamume mwenye jaketi la kahawia lenye kola ya manyoya. Uso ulikuwa ule ule. Paji la uso, masikio, hata mwendo wa kutupa mguu wa kulia. Alikuwa mwembamba kidogo tu.

"Hamjambo hapa?" akasema, na sauti ilikuwa nyembamba, ya puani.

Alikuwa mdogo wake marehemu, baba mdogo wa Naliaka, ambaye hatukuwahi kumwona. Jaketi alipewa nyumbani siku nguo za marehemu zilipogawanywa. Alikuja kumsaidia shemeji yake kufunga vitu, kwa sababu ukoo ulikuwa umeamua wahamie huko. Haya yote niliyajua baada ya dakika kumi, mama yangu alipowasalimia. Naliaka hakungoja dakika kumi. Aliiachia kamba, akakimbia, akajirusha kifuani pake.

"Baba! Baba!"

Yule bwana akambeba. Kwao mdogo wa baba ni baba, kwa hiyo hakuna mtu mzima aliyeona ajabu. Mama Naliaka alijifuta macho kwa leso. Mama yangu akasema, "Ona mtoto anavyojua damu yake." Naliaka alinitazama juu ya bega la jaketi, uso unang'aa, makovu ya tetekuwanga yakiwa bado mekundu.

"Shiru! Ni vile ulisema! Hata sauti!"

Nami nikasema, mbele ya watu wote, "Si nilikwambia?"

Alikaa siku tatu. Naliaka alimbebea maji ya kuoga kwenye kopo, akimwaga nusu njiani. Alimfichia chapati. Alimwonyesha daftari zake zote na tiki nyekundu za mwalimu. Yule bwana alikuwa mtu mwema, alicheka, akamwambia, "Wewe umeanza kunipenda haraka hivi?" Naye akamjibu, "Lakini nilikupenda kutoka zamani." Yule akatikisa kichwa, akafikiri ni maneno ya watoto tu.

Siku ya tatu, Jumatatu, vitu vingi vilikuwa vimeshafungwa kwenye magunia. TV ilibaki ya mwisho. Saa ya katuni ilifika na nikaingia kama kawaida, nikavua viatu. Baba mdogo alikuwa ameketi kwenye gunia la vyombo. Katuni ikaanza, na kabla haijafika mbali picha ikaanza kuruka.

"Baba, igonge," Naliaka akasema.

"Niigonge wapi?"

Alimtazama. "Pale."

Akaigonga juu. Mistari ikaongezeka. Akaigonga upande wa kulia, akacheka, akasema huenda imechoka na safari haijaanza. Naliaka akamsogelea, akaweka mkono juu ya goti lake.

"Fanya sauti ya Baba Nungu."

"Nungu gani?"

"Huyo."

Yule bwana akainama kutazama kioo kilichokuwa kinaruka. "Kumbe ni nungunungu! Hawa wanatumalizia viazi huko nyumbani. Sisi tunawatoa kwa moshi, unaziba shimo huku, unawasha huku." Akacheka tena, cheko zuri la mtu asiye na kosa lolote.

Naliaka hakulia. Aliondoa mkono kwenye goti. Alimtazama kuanzia viatu hadi kola, polepole, kisha akageuka na kunitazama mimi. Nilikuwa mbele, magoti yamekunjwa, nikijaribu kuona kati ya mistari.

"Shiru," akauliza, kwa sauti ya chini. "Huyu ni nani?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo kwa siku kadhaa. Nikamwambia, "Ngoja katuni iishe kwanza."

Hilo ndilo nililotaka kuandika. Mengine yote ni njia ya kufikia hapo.

Alikwenda akajiingiza kati ya magunia, na hapo ndipo kilio kilipoanza. Sijasikia kingine kama hicho. Hakikuwa cha mtoto aliyeanguka. Mama yake alikuja mbio kutoka bombani, mikono ina povu. Ilichukua muda kumwelewa, na alipomwelewa alikaa chini sakafuni, kichwa chake kilichonyolewa kikiwa mikononi. Yule bwana alivua jaketi, akalitazama, akaliweka mbali kama kitu cha moto.

"Naliaka, nani alikwambia baba atarudi?" mama yake akauliza. "Nani? Niambie tu, sitamfanya kitu."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango na kiatu kimoja mguuni. Naliaka alinitazama. Aliniangalia kwa muda ambao bado haujaisha.

"Hakuna mtu," akasema. "Niliona kwa TV."

Waliondoka asubuhi ya kesho yake kwa pikapu ya kukodi. TV aliibeba yeye, imekaa mapajani, kubwa kumzidi, imefunikwa kitambaa. Mama yangu alinisukuma mbele niage. Nilisema kwaheri. Alikivuta kitambaa upande mmoja mpaka kikafunika kona iliyokuwa wazi, akaendelea kukinyoosha mpaka gari likatoka langoni.

Niliacha shule darasa la saba, na sikuacha kuuliza mambo. Mara moja, nikiwa na kazi ya kufagia saiba, duka la intaneti, nilitafuta habari za katuni zile. Ilikuwa kama nilivyoona mwenyewe kwenye mkeka: filamu ilipendwa mno, watu walikasirika kwamba Baba Nungu amekufa, kwa hiyo wenye filamu wakatengeneza katuni za siku za kabla ya mto, ili watazamaji waendelee kuwa naye. Hawakudanganya mtu. Walikuwa hata wameuchora mti. Nimewahi pia kufika Bungoma, nikibeba nguo za kuuza, nikakaa siku nne, na sikumuuliza mtu yeyote kuhusu familia ya dereva. Nilijiambia ni mji mkubwa. Si mkubwa hivyo.

Nilikuwa bado nimekaa juu ya belo pale Burnt Forest wakati mama mmoja aliposimama mbele yangu na mtoto wa kiume wa miaka kama sita. Alichukua ile tisheti mikononi mwangu, akaipima mgongoni kwa mtoto.

"Hii inamtosha. Ni ngapi?"

Mtoto alikuwa amepinda shingo akijaribu kuona picha. Akaigeuza. "Huyu ni nani?"

"Ni baba wa watoto watatu," nikasema.

"Ako wapi?"

"Alikufa. Alibebwa na maji."

"Atarudi?"

Mama yake alikuwa tayari ameshafungua mkoba. Tisheti ilikuwa imeuzwa, nilichohitaji ni kutabasamu tu na kusema lolote.

"Harudi," nikamwambia. "Ukimwona mahali anacheka, hiyo ni ya zamani. Kabla ya maji."

"Wewe mama," yule mwanamke akaniambia, akiirudisha tisheti juu ya rundo, "kwani umekuja kuuza nguo ama kutishia watoto wa watu?" Akamshika mtoto mkono, wakahamia kwa jirani yangu. Mtoto alikuwa bado ananitazama nyuma, hakuonekana kuogopa, na niliona midomo yake ikimuuliza mama yake kitu.

Nilikunja tisheti ile, picha ikiwa ndani, nikaendelea kutenganisha sweta.